Mgeni Aje, Kibanja Kibaki

Tangu mapori ya Ibanda na Rumanyika yafanywe Hifadhi za Taifa mwaka 2019, macho ya wenye biashara ya utalii yameelekea Karagwe na Kyerwa. Wapo wanaoshauri kwamba mgeni akitoka kutazama wanyama aingie pia katika kibanja cha mkulima, aione mibuni chini ya migomba, aonjeshwe kahawa ya kutafuna kwa desturi ya huko, alale, kisha alipe. Shauri hilo ni jema, nasi hatulipingi. Twauliza tu: amlipe nani?

Karagwe haikuanza jana kupokea wageni. Mwaka 1861 Speke na Grant walikaribishwa na Mukama Rumanyika, na Grant, aliyeugua mguu, akabaki huko miezi kadhaa. Waliporudi kwao waliandika vitabu, vikauzwa, na sifa ikawa yao.

Hatari ya leo imo katika butura. Mkulima aliyebanwa na karo au matibabu huuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei apendayo mwenye fedha. Siku ya mavuno jasho ni lake, gunia ni la mwingine. Viongozi wa Serikali wameukemea mtindo huo mara nyingi, lakini shida haiondoki kwa kukemewa. Sasa mlete mtalii katika kibanja cha namna hiyo: atapigwa picha akichuma kahawa ambayo mwenye shamba amekwisha kuiuza zamani! Asiyeweza kuimiliki kahawa yake atawezaje kuumiliki utalii?

Tena kibanja chenyewe hakina budi kulindwa. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera mwaka 2006, huenezwa na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Mgeni anayepewa panga ajaribu kukata mkungu, leo kwa huyu, kesho kwa jirani, aweza kuacha hasara kubwa kuliko fedha aliyolipa. Wala tusisahau mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia wasafiri dunia nzima. Waliotegemea wageni peke yao walikaa na njaa; mwenye ndizi alikula. Basi utalii na uwe mboga, ndizi ibaki kuwa chakula.

Njia ipo karibu. Chama Kikuu cha KDCU kina vyama vya msingi vijijini, vyenye maghala na mizani ambayo wakulima wameizoea. Malipo ya wageni na yapitie humo, mwenye kibanja apewe haki yake siku ile ile, na sehemu itengwe iwe mkopo wa riba ndogo kwa yule ambaye angekimbilia butura. Bei ibandikwe mlangoni pa ghala, kwa Kiswahili, ili mwenye shamba aisome kabla ya mgeni.