Kompaila Haijakuibia Mstari

Waandishi wengi wa programu za C wana hukumu moja wanayoitoa haraka: programu ikienda vizuri bila uboreshaji, kisha ikaharibika mara tu unapowasha -O2, mwenye kosa ni kompaila. Ushahidi wenyewe unaonekana. Ukifungua maelekezo ya mashine, mstari ulioandika kwa mkono wako haupo.

Hukumu hiyo si ya kudharau, kwa kuwa kompaila hukosea kweli. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza jinsi chombo chao, Csmith, kilivyotunga programu za C kwa kubahatisha na kufichua hitilafu zaidi ya 325 zilizokuwa hazijulikani katika kompaila mbalimbali, zikiwemo GCC na LLVM. Ninachokikataa ni kuufanya mstari uliopotea kuwa ushahidi tosha. Kufuta maelekezo yasiyo na athari ni sehemu ya kazi ya kompaila. Swali ni moja tu: imefuta kwa hoja gani?

Chukua kisa cha Linux cha mwaka 2009. Katika faili tun.c ya toleo la 2.6.30, kitendakazi kimoja kilikuwa na pointa iitwayo tun. Mstari wa juu ulichota tun->sk. Mistari michache chini yake ndipo palipoulizwa: je, tun ni tupu? Kama ni tupu, rudisha kosa. GCC ikaufuta ukaguzi huo, na mwanya uliobaki ulimwezesha mshambuliaji kujitwalia mamlaka ya kernel.

Sasa ifuate hoja ya GCC. Kanuni za C haziipi maana yoyote programu inayochota kitu kupitia pointa tupu. Msimbo huu umeshachota. Basi ama tun si tupu, na ukaguzi hauna kazi. Ama ni tupu, na programu imekwisha kupoteza maana kabla ya kuufikia. Ni kama mtu aliyekunywa maji ya mtungi, kisha ndipo anachungulia kama mtungi una maji.

Mpinzani atauliza, na ana haki: mbona basi watunzaji wa Linux waliongeza kwenye ujenzi wa kernel swichi ya -fno-delete-null-pointer-checks, inayoizuia GCC kufuta ukaguzi kama huo? Waliongeza, na walifanya vema, ingawa hilo haliitii GCC hatiani. Katika mazingira ya kernel, anwani sifuri inaweza kuwa na kumbukumbu halisi nyuma yake. Shambulio lenyewe lilitegemea hilo. Tena msimbo nao ulirekebishwa: uchotaji ulishushwa chini ya ukaguzi.

Anayezima uboreshaji akaendelea na safari anapoteza mara mbili. Kwanza, ikiwa kosa ni lake, bado limo na linaweza kuamka kompaila ikibadilishwa. Pili, ikiwa kosa ni la kompaila, watunzaji wake hawatalijua.

Nakiri kuna mahali ambapo si mwandishi wala kompaila aliyevunja kanuni. Mwandishi anatumia memset kufuta nenosiri kabla kitendakazi hakijaisha. Kwa kuwa hakuna anayeisoma tena sehemu hiyo ya kumbukumbu, kompaila inaiondoa memset, na nenosiri linabaki pale pale. Hapo lawama naipeleka kwa lugha yenyewe. Ndiyo maana OpenBSD walileta explicit_bzero, na C23 ikaongeza memset_explicit.

Basi mkosaji apatikane vipi? Anza kwa kujishuku: endesha programu kwa -fsanitize=undefined. Kimya chake hakikusafishi kabisa, maana inaona tu njia zilizopitiwa, lakini mara nyingi hutaja mstari wenye kosa waziwazi. Ikinyamaza, igeukie kompaila. Clang ina -mllvm -opt-bisect-limit, inayozuia hatua za uboreshaji baada ya namba uliyoitaja. Kata nusu kwa nusu mpaka ibaki hatua moja inayougeuza mwenendo wa programu. Kisha punguza msimbo, mstari baada ya mstari, hadi ibaki mistari kumi hivi ambayo bado inaharibika. Kazi hiyo inachosha. Kando ya mstari uliofutwa, andika dhana iliyoruhusu ufutwe: pointa si tupu, jumla ya namba zenye alama (signed) haifuriki, vitu viwili havishiki anwani moja. Kama kanuni za C hazikupi hata dhana moja ya kuuhalalisha ufutaji huo, mistari hiyo kumi ndiyo ripoti yako kwa watunzaji wa kompaila.