Ligi kubwa za Ulaya zisisahau zilianza kama ushirika

MASHABIKI wengi wanazijua ligi kubwa za soka za Ulaya kwa mabilioni yanayozunguka ndani yake. Wachache wanajua kuwa ligi ya kwanza ilizaliwa kutokana na tatizo ambalo kila mkulima analielewa: kutokuwa na uhakika wa kipato.

Mwaka 1885 Chama cha Soka cha England kiliruhusu wachezaji kulipwa. Klabu zikajikuta na mishahara ya kila wiki, huku mechi zao nyingi zikiwa za kirafiki, ambazo ziliweza kufutwa wakati wowote. Mechi ikifutwa hakuna kiingilio, lakini mchezaji bado anadai chake.

Machi 1888, William McGregor, mfanyabiashara wa vitambaa na kiongozi wa Aston Villa ya Birmingham, aliziandikia barua klabu kadhaa akipendekeza ratiba ya kudumu ya nyumbani na ugenini. Aprili 17 mwaka huo ligi iliundwa mjini Manchester, na Septemba klabu 12 zikaanza kucheza. Hispania na Italia zilipata ligi zao za taifa mwaka 1929. Ujerumani Magharibi ilisubiri hadi 1963.

Biashara hii ina sura yake ya pekee. Mwenye duka hunufaika jirani yake anapofunga. Katika soka, mpinzani akifilisika hakuna mechi ya kuuza. Ndiyo maana klabu za England ziligawana sehemu ya viingilio vya ligi kwa miaka mingi, hadi mwaka 1983 mwenyeji aliporuhusiwa kubaki na fedha zote.

Mwaka 1992 klabu 22 za daraja la kwanza zilijitenga na kuunda Ligi Kuu, ili fedha za televisheni zisiende tena kwa madaraja ya chini. Hata hivyo, zenyewe zilikubaliana kuwa nusu ya fedha za matangazo ya nchini igawanywe sawa kwa sawa. Hispania, ambako kila klabu iliuza haki zake na vigogo wawili kuchota fungu kubwa, ililazimika kutunga sheria mwaka 2015 ili haki hizo ziuzwe kwa pamoja.

Aprili 18, 2021, klabu nyingine 12, safari hii matajiri wa England, Hispania na Italia, zilitangaza ligi yao ambayo waanzilishi wasingeshuka daraja. Mashabiki waliandamana, na ndani ya siku mbili klabu zote sita za England zikajitoa.

Klabu 12 za mwaka 1888 ziliungana ili kila moja iishi. Zile za 2021 zilitaka uhakika wa kipato bila kubeba wenzao. Viongozi wa soka la Ulaya wanapokaa kugawana fedha za televisheni, wazitazame na klabu ndogo zinazowapa wakubwa mtu wa kucheza naye. Kidole kimoja hakivunji chawa.