Malezi Yaliyokataa Panga

Tukizungumzia Rwanda ya mwaka 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, huwa tunauliza ilikuwaje watu wa kawaida wakawa wauaji. Swali hilo lina haki yake, lakini Biryogo na mtaa jirani wa Nyamirambo, hapa Kigali, vinatudai jingine: ni nini kiliwafanya wengine, waliosikia redio ileile ya uchochezi na kuishi katikati ya vizuizi vilevile, wakatae? Naamini wengi wao hawakuanza kukataa mwezi wa Aprili, mauaji yalipoanza. Damas Gisimba, aliyewahifadhi watu wapatao 400, watoto na watu wazima, katika kituo cha yatima cha Nyamirambo, alikirithi kituo hicho kwa wazazi wake. Kumpokea mtoto asiye wa damu yao lilikuwa jambo la kila siku katika nyumba ile, miaka mingi kabla ya kuwa kosa la kumfanya mtu auawe. Biryogo nayo ina historia yake. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, Waislamu walitengwa katika makazi ya Waswahili, wakatazamwa kama wageni hata waliozaliwa hapohapo. Watoto wao walikua pamoja, Wahutu kwa Watutsi na waliotoka Kongo na Tanganyika, chuoni na msikitini, wakizungumza Kiswahili. Mauaji yalipofika, Waislamu wengi wa mitaa hii waliwaficha majirani zao, na sifa hiyo inajulikana Rwanda nzima.

Atatokea mtu aseme: mbona Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura lililochochea chuki dhidi ya Watutsi, naye alikuwa Mwislamu, na mahakama ya Arusha ikamtia hatiani mwaka 2003? Ni kweli, na hoja hiyo isipuuzwe. Dini peke yake haikumkinga mtu. Mtafiti Scott Straus, aliyewahoji wafungwa waliokiri kuua, aliona wengi walisukumwa na hofu, vita na shinikizo la wenzao, wala hawakuwa wakatili tangu kuzaliwa. Ninalikubali hilo pia. Ila shinikizo linatueleza kuhusu walioburutwa tu. Halitwambii kwa nini jirani yao, aliyeshinikizwa vivyo hivyo, hakuburutika. Hapo ndipo utoto unapoingia. Samuel na Pearl Oliner, katika kitabu chao cha mwaka 1988, walichunguza zaidi ya watu 400 waliowaokoa Wayahudi Ulaya wakati wa utawala wa Hitler. Waligundua kwamba wazazi wa waokoaji waliwachapa watoto wao mara chache zaidi, na walipowakosoa waliwaeleza kosa lao lilimwumiza nani.

Matokeo hayo yanatugusa moja kwa moja. Husemwa samaki mkunje angali mbichi, na mara nyingi maneno hayo hutumika kuhalalisha kiboko: mtoto akunjwe mpaka atii bila kuuliza. Mauaji ya 1994 yalitegemea utii wa namna hiyohiyo. Kiongozi wa eneo aliamuru, na watu wakatoka na mapanga kama wanaoitwa kwenye kazi ya kijiji. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, nami siipingi, lakini mtoto ambaye hajawahi kuruhusiwa kumwambia mkubwa “hapana, hili ni dhuluma” atajifunza wapi kulisema neno hilo akiwa na miaka ishirini, mbele ya mwenye silaha? Wazazi na walimu, mtoto akiuliza sababu ya amri, mpeni sababu. Na akikataa kumwonea mwenzake ilhali kundi zima linamwonea, msimwite mkaidi.