Usiache Vidonge vya Presha kwa Maneno ya Barazani



Juzi tulikuwa tunampima gauni mama wa bi harusi. Futi haijafika kiunoni, akatwambia amegunduliwa uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo, ule madaktari wanaouita meninjioma, na anangoja operesheni. Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba siku tatu hajanywa vidonge vyake vya presha. Dada zake wamemwambia mwili upumzike kwanza.

Tukaweka futi chini.

Sisi mafundi cherehani, si madaktari. Lakini vidonge vyenyewe ni atenololi, na hili linajulikana: atenololi na propranololi ni dawa za beta-bloka, zinauzuia moyo usiende mbio kwa adrenalini. Moyo ukishazizoea, kuzikata ghafla kunapandisha presha na mapigo, na mwenye maradhi ya moyo anaweza kupata hata shambulio. Anayezinywa siku zote kwa kawaida huendelea nazo mpaka siku ya operesheni yenyewe. Kama kuna kubadilisha, abadilishe daktari. Na mtoa dawa ya usingizi lazima ajue, maana mgonjwa huyu hata akipoteza damu, moyo wake hauendi mbio kama wa wengine.

Wapo wanaosema kinyume, eti propranololi inayeyusha uvimbe. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi ilivyosinyaza uvimbe wa mishipa ya damu kwa watoto wachanga. Ule ni uvimbe mwengine kabisa! Meninjioma hutupata zaidi sisi wanawake, na nyingi si saratani. Hufuatiliwa kwa picha, au hutibiwa kwa operesheni au mionzi.

Na nyinyi mabibi harusi mnaochukua kidonge cha mama ili moyo usidunde ukumbini, mwenye pumu kinaweza kumbana kifua vibaya. Muacheni mama na dawa zake.

Kisomo tunasomewa sote, alhamdulillah, wala hatujamsikia sheikh wetu hata mmoja akisema kidonge kinabatilisha dua.

Mama yetu alikwenda hospitali siku ile ile na mfuko mzima, pamoja na mitishamba aliyokuwa hajaitaja. Gauni tumeliachia nafasi pembeni, kwani dawa za kupunguza uvimbe kwenye ubongo zinaweza kumnenepesha. Vifungo bado hatujavitia.