Zamu ya usiku yenye jina moja

Ingia zahanati nyingi za vijijini saa nane usiku, utamkuta mtu mmoja. Si daktari wala tabibu. Ni Muuguzi Daraja la II, aliyesomea cheti kwa miaka miwili baada ya kidato cha nne, na kijiji kizima kinamwita daktari. Hali hii ni ya hatari kwa mgonjwa, na ni ya hatari kwa muuguzi mwenyewe.

Kazi yake halali inajulikana. Apime presha na joto, achome sindano na kutoa dawa zilizoandikwa, asafishe vidonda, amzalishe mama asiye na tatizo, aandike kila alichofanya na kupiga kelele mapema anapoona mambo yanageuka. Juu yake panatarajiwa kuwa na tabibu au muuguzi mwenye stashahada. Lakini majukumu kwenye tangazo la ajira huishia na kile kifungu ambacho kila mtumishi wa umma anakijua: kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake, zinazoendana na elimu yake. Maneno yale ya mwisho ndiyo husahaulika. Kwa mlango huo mdogo zimeingia kazi za kuandika dawa kwa wagonjwa wa nje, kuhesabu stoo, kujaza takwimu za mwezi, hata kukata risiti.

Chukua usiku mmoja. Mama yuko leba, uchungu umekolea. Patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa. Saa saba kamili muuguzi anasikiliza, anaweka nukta kwenye 140. Mara mlango unagongwa: baba amembeba mtoto wa miaka mitatu, mwili moto, degedege limemshika. Amwache nani? Anamkimbilia wa degedege, na nani kati yetu angefanya tofauti? Anarudi leba saa nane na dakika ishirini. Mapigo ni 100, chini ya kiwango salama cha 110. Anapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Kwenye karatasi, kati ya nukta ile na hii, pana pengo la zaidi ya saa nzima. Kichanga kikifariki, maswali yataanzia kwenye pengo hilo.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi awe na leseni, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina uwezo wa kumwadhibu. Hatupingi. Nesi anayetukana wajawazito au kuuza dawa za serikali hana utetezi kwetu. Hata yule anayechelewesha rufaa kwa kuogopa kuonekana hajui ana kosa, maana kujua mpaka wa ujuzi wako ni sehemu ya taaluma. Ila ratiba ya zamu haijipangi yenyewe. Aliyeandika jina moja kwa usiku mzima, wiki baada ya wiki, mbona yeye haulizwi?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015/16. Takwimu hiyo inatajwa majukwaani, na inastahili kutajwa. Basi itajwe pamoja na mikono iliyoishusha, ambayo mingi ni ya wauguzi hawa wa cheti. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uanze mwaka 2007, tumekata tepe za zahanati nyingi. Jengo halisikilizi moyo wa mtoto.

Tunataka zahanati inayozalisha usiku iwe na wataalamu wawili zamuni, na mhudumu wa afya asihesabiwe kuwa wa pili. Tunataka mganga mfawidhi awe na simu inayopokelewa saa nane usiku. Na muuguzi akipewa kazi iliyo nje ya mafunzo yake, akatae kwa maandishi bila kuogopa uhamisho.

Mganga Mkuu wa halmashauri atakapoingia kwenye kikao cha bajeti, aje na ratiba za usiku za zahanati zake zote. Waheshimiwa madiwani, hesabuni majina kabla ya kupitisha hata shilingi moja ya jengo jipya.