Kabla Hujaihukumu Kamera, Tazama Negativu

Mwezi uliopita klabu yetu ya picha ilikaa kikao kujadili kamera yake ya zamani, Yashica Mat-124G, ile yenye lenzi mbili ambayo unaitazamia kwa juu. Hoja ilikuwa fupi: picha zake zinatoka na ukungu, kamera imechoka, iuzwe. Nilinyoosha mkono kuunga mkono hoja. Nakiri hapa mbele yenu kwamba niliunyoosha bila kupima chochote, na naandika makala hii kwa sababu nadhani tabia hiyo tunayo wengi hapa chuoni, na si kwenye picha tu.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja. Mlinzi wa hosteli yetu alikuwa anastaafu, tukaamua kumpa zawadi ya picha yake. Nilimpiga mwenyewe, asubuhi, amekaa chini ya mwembe, kamera ikiwa juu ya stendi. Filamu tukaisafisha wenyewe na picha tukaichapa wenyewe kwenye chumba cha giza. Ilitoka kubwa na ya kupendeza, ukiwa mbali. Ukiisogelea, macho na ndevu vimeyeyuka. Nikampelekea hivyo hivyo. Mzee akaisogeza karibu, akaitenga mbali, akaisogeza tena. Halafu akasema, "Asante sana mwanangu. Macho yangu mimi siku hizi yamekwisha."

Macho yake yalikuwa mazima. Kosa lilikuwa letu, ila aliyelibeba ni yeye. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake nikarudi chumba cha giza kufanya kazi niliyotakiwa kuifanya kabla ya kikao. Ansel Adams, mpiga picha maarufu wa Marekani, aliigawa kazi hii katika vitabu vitatu vilivyotoka mwaka 1980, 1981 na 1983: kimoja cha kamera, kimoja cha negativu, kimoja cha uchapaji. Mgawanyo huo peke yake ni somo. Picha ikiwa na ukungu, swali la kwanza ni hili: kosa liliingilia hatua ipi?

Njia ya kujua ni rahisi. Chukua kioo cha kukuzia, tazama picha iliyochapwa, tafuta chembe za filamu. Ukiona chembe ziko wazi lakini ndevu hazionekani, basi uchapaji uko sawa na kosa lilitokea siku ya kupiga. Ukiona chembe zenyewe zimeyeyuka, kosa ni la uchapaji. Kamera iache kwanza. Picha ya mzee ilikuwa na chembe wazi pembeni, ila katikati, penye uso, zimeyeyuka. Nikatoa negativu, nikaitazama kwa kioo kile kile juu ya mwanga. Ndevu za mzee ningeweza kuzihesabu moja moja!

Yaani kamera tuliyotaka kuiuza ilikuwa imefanya kazi yake. Kilichotuangusha ni joto. Taa ya mashine ya kukuzia hupasha filamu moto, na filamu ikishikwa kwenye fremu isiyo na kioo huvimba katikati kama kitumbua. Tulikuwa tunaweka fokasi filamu ikiwa baridi, kisha inavimba wakati tunachapa. Dawa yake ni kuacha taa iwake dakika moja au mbili negativu ikiwa ndani, ndipo uweke fokasi, halafu ufunge tundu la lenzi ya mashine mpaka f/8 na kuchapa kabla filamu haijapoa.

Kwa kuwa tulishaitangaza kamera kuwa mbovu, niliona haki nayo ipimwe. Nilipanga vitabu vitano juu ya kimbweta, kila kimoja nyuma ya mwenzake kwa sentimita 10, nikaweka kamera kwenye stendi umbali wa mita 1.5, tundu wazi kabisa f/3.5, fokasi kwenye kitabu cha tatu. Kwa lenzi hii ya milimita 80, eneo linaloonekana safi katika umbali huo lina kina cha sentimita 12 hivi tu. Mtu akiinama kidogo baada ya wewe kuweka fokasi, ameshatoka. Kitabu cha tatu kilitoka safi. Kingetoka cha pili au cha nne, ningejua lenzi ya kutazamia na ya kupigia hazikubaliani, na hapo ni kazi ya fundi.

Na zile picha nyingine za ukungu zilizoletwa kikaoni? Niliomba negativu zake. Nyingi zilipigwa kwa mkono, kasi ya 1/30, na kila kitu kimeburutwa kuelekea upande mmoja. Huo ni mtikisiko. Fokasi ikikosewa, mara nyingi kuna kitu kingine, labda majani ya mbele, kimetoka safi. Kwa lenzi ya milimita 80 ukishika kwa mkono, anza na 1/125.

Kuna atakayesema: dada, filamu ni ghali, picha 12 tu kwa mkanda mmoja, simu zipo. Sawa. Lakini mkanda mmoja wa majaribio ni nafuu kuliko kuuza kamera nzima kwa bei ya kutupa. Wala sisemi vifaa havichoki. Kwenye joto na unyevu wa pwani lenzi huota kuvu, na picha zake hupauka. Mulika lenzi kwa tochi, utaona. Ninachokataa ni hukumu inayotangulia uchunguzi.

Nasoma ualimu, kwa hiyo hili limenigusa zaidi. Nilipokuwa TP, darasa langu lilifeli jaribio la hesabu, na ofisini tukasema, "Darasa hili zito." Binti mmoja akaniambia, "Madam, mimi hesabu sina kichwa." Nikamkubalia! Sikufungua daftari lake kutazama alianza kupotea kwenye mstari upi, na kama mstari huo niliufundisha vizuri. Alibeba kosa ambalo huenda ni langu, kama mzee alivyobeba ukungu wetu. Hapa chuoni nako, darasa zima likipata sapu, tunaishia kusema watoto wa siku hizi hawasomi.

Naomba klabu ifute uamuzi wa kuuza kamera, na kila muhula itenge mkanda mmoja wa majaribio, matokeo yaandikwe kwenye daftari linaloweza kusomwa na kila mwanachama. Na sisi walimu watarajiwa tufungue madaftari kabla ya kufungua midomo.

Picha ya mzee niliichapa upya, nikampelekea kabla hajasafiri kwenda kwao. Safari hii hakuisogeza wala kuitenga. Aliitazama mara moja, akajishika kidevu, akaniuliza kwa nini siku ile sikumwambia akanyoe kwanza.