Kabla ya kusema karogwa, ulizeni nani kwao alikufa ghafla

Kijana akidondoka uwanjani bila kuguswa, mashabiki tuna majibu mawili: karogwa, au siku yake imefika. Pale Sokoine Mbeya, pale Samora Iringa, mpaka kwenye ndondo za vijijini, majibu ni hayo hayo. Mimi nasema lipo la tatu: moyo, na hilo tunaweza kulifanyia kazi mapema.

Desemba 2016, Ismail Mrisho Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao alifunga bao Kaitaba, Bukoba, kisha akaanguka na kufariki dunia. Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon wakicheza na Colombia. Yeye uchunguzi ulikuta misuli ya moyo imenenepa kupita kiasi. Ugonjwa huo mara nyingi ni wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata.

Tusitishane. Wengi wenye nao wanazeeka nao. Kazi ya daktari ni kujua nani yuko hatarini zaidi. Anauliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, na kama mchezaji aliwahi kuzimia bila sababu, hasa akikimbia. Anapima unene wa ukuta wa moyo. Ukifika milimita 30 hiyo ni hatari kubwa. Anafuatilia pia mapigo kama yanaruka ovyo. Hatari ikiwa kubwa, kuna kifaa kinachopandikizwa kifuani kuushtua moyo. Christian Eriksen alianguka Copenhagen mwaka 2021, akawekewa, na akarudi kucheza Ligi Kuu England.

Sasa yale maswali mawili ya kwanza hayana gharama. Kocha yeyote wa Mbeya au Iringa ayaulize kabla ya msimu. Jibu likiwa ndiyo, kijana apumzike, aende hospitali ya rufaa, na ikibidi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Akikutwa nao, ndugu zake nao wapimwe.

Tatizo najua liko wapi: kijana anaficha, anaogopa kupoteza namba. Ndiyo maana viongozi watamke wazi kwamba anayesema ukweli hatatupwa, na nauli ya kwenda kupimwa klabu italipa.

Na akianguka mtu, acheni kumwagia maji. Kama hajitambui na hapumui sawasawa, kandamizeni kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku gari linatafutwa. Mechi ijayo muulizeni kiongozi wenu: nani kwenye benchi letu anajua kufanya hivyo?